Msivunje Kituo Kabla ya Mtu wa Mwisho

Hotuba kwa klabu za jogingi, vikundi vya kina mama na wenyeviti wa vijiji, Bagamoyo

Wazee wangu, shikamooni. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Vijana wa klabu, hamjambo? Kina mama mliotoka Msata, Kiwangwa, Fukayosi na Makurunge mkaamka usiku ili muwahi kikao hiki, poleni na safari, na karibuni mjini.

Nilipopigiwa simu niliambiwa hivi: "Mwalimu, mambo ya mbio yote tumeshayapanga. Wewe utuzungumzie shamrashamra." Nimelala nalo neno hilo siku tatu. Lilinikaa kama vile shamrashamra ni kachumbari, unaileta mezani chakula kikishaiva, na asiyeitaka anaiacha. Katika mbio za uwanjani huenda ni hivyo. Lakini ninyi mnapanga mbio za kupokezana kutoka Msata hadi hapa, kilomita 64, timu za watu wanane wanane. Katika mbio za namna hiyo shamrashamra ndiyo maji ya kupikia.

Kabla sijasema zaidi, naomba mtazame hiki. Kipitisheni mkono kwa mkono, na wa nyuma nao wakione.

Ni kipande cha mpini wa jembe. Kijiti rasmi cha uwanjani kina urefu wa sentimita 28 hadi 30 na uzito usiopungua gramu 50. Hiki urefu wake ni huohuo, ila ukikishika utajua kimetoka shambani. Fundi seremala alikikata, akakipiga msasa, sisi wasichana tukakipaka rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka milango ya shule. Rangi mnaiona hapa kwenye ncha tu. Hapa katikati iliondoka na jasho siku ileile.

Nilikuwa na miaka 17. Yalikuwa mashindano ya shule, kutoka Bunju kuja Bagamoyo, enzi hizo barabara ni vumbi tupu, lori likipita unafunga macho na kuhesabu hadi kumi. Mimi nilipewa kipande cha Kerege hadi Zinga. Asubuhi niliyasikia magari yakipita na wenzangu wakiimba, na nikaambiwa Zinga kuna ngoma, kuna turubai, watu wamejaa. Nikapokea kijiti nikiwa na mbio zangu zote. Nikaenda vizuri karibu nusu ya njia. Halafu msuli wa paja ukakaza, ukawa kama jiwe. Nikatembea, nikakimbia, nikatembea tena. Timu zote zikanipita.

Nilipofika Zinga turubai lilikuwa limeshakunjwa. Viti vilikuwa juu ya lori. Mstari wa chokaa ulikuwepo bado, watoto wanaruka juu yake mguu mmoja mmoja. Rafiki yangu aliyetakiwa kunipokea hakuwepo. Alipewa kijiti kingine akaambiwa aende, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na ratiba yake Bagamoyo na zawadi lazima zitolewe saa iliyopangwa. Waandaaji siwataji. Wengi wametangulia mbele ya haki, na hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na ratiba.

Nikasimama pale kwenye mstari na kijiti mkononi, sina wa kumpa. Kando ya barabara alikuwepo bibi mmoja anauza machungwa. Aliniangalia, akaweka kisu chini, akaja na ile kanga yake kiunoni. Akaniuliza, "Nani wa kupokea, mwanangu?" Nikamwambia ameshaondoka. Basi yule bibi akanyoosha mikono yote miwili, hivi, kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Nikampa. Akakiweka kifuani, akapiga kigelegele. Kimoja tu, kirefu, barabara tupu, na wale watoto wakaacha kuruka. Halafu akanirudishia kijiti, akanimenyea chungwa, akanikalisha kivulini. "Haya," akasema, "umefika."

Ndiyo sababu sikukirudisha kijiti shuleni. Nimekaa nacho maisha yangu yote ya ualimu, na leo mnakishika ninyi.

Sasa tuzungumze kituo.

Mbio za mtu mmoja zina mwanzo na mwisho. Huko mwanzoni kuna bastola, mwishoni kuna utepe, katikati ni mtu na pumzi zake. Mbio za kupokezana zina miisho mingi. Njia yenu ya Msata ina vituo saba vya kupokezana, na katika kila kituo kuna mtu anamaliza na mtu anaanza kwa sekunde hiyohiyo. Mmoja macho yamekuwa mekundu, chumvi imekauka shavuni, anaanguka kwenye mikono ya watu. Mwenzake miguu inamcheza, ameshaenda chooni mara nne, anaomba Mungu. Huyu anampa yule. Hapo ndipo watu wanapopiga kelele kwa haki, kwa sababu wanaona kitu kinachoonekana. Ukisimama mahali pengine popote barabarani utaona mgongo wa mtu ukipita, basi. Kwa hiyo ombi langu la kwanza, na kama mkilikataa mengine yote hayana kazi: ngoma, chakula, vigelegele na watu wenu viwekeni kwenye vituo. Msivirundike vyote pale mwisho mbele ya jukwaa.

Wajapani wana mbio zao za namna hii, wanaziita ekiden. Eki ni kituo, den ni kupeleka ujumbe. Jina limetoka kwenye utaratibu wa zamani wa wajumbe na farasi waliokuwa wakibadilishana vituoni. Ekiden ya kwanza ilikimbiwa mwaka 1917, kutoka Kyoto hadi Tokyo, kilomita 508 hivi, vipande 23, mchana na usiku kwa siku tatu. Inayopendwa kuliko zote ni ya Hakone, iliyoanza mwaka 1920 kwa vyuo vikuu vinne tu. Hukimbiwa kila Januari 2 na 3, kutoka katikati ya Tokyo hadi Ziwa Ashi kule milimani, na kesho yake kurudi. Ni kilomita 217 hivi, wanafunzi kumi kwa kila chuo, kila mmoja kilomita 20 au zaidi. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu. Mwaka mpya, baridi kali, na watu wamejipanga kando ya barabara na vibendera. Wazee wameletwa na viti vyao. Vyuo vimekuja na bendi za matarumbeta, na wahamasishaji waliovaa sare wanapiga ngoma kubwa. Kipande cha tano kinapanda mlima, na huko juu watu wanasimama kwenye kona kali wakiita majina ya vijana ambao hawajawahi kuwaona ana kwa ana.

Kule hawatumii kijiti. Wana utepe wa kitambaa unaovaliwa begani na kukatiza kifuani, unaitwa tasuki. Mkimbiaji akikaribia kituo anauvua, anaukunja mkononi, anamkabidhi mwenzake. Wengi wakishakabidhi wanageuka na kuinama kuelekea barabara waliyotoka. Kuiinamia barabara! Nilimwambia mjukuu wangu arudie hapo mara tatu.

Lakini kule pia niliiona Zinga yangu. Barabara kubwa haiwezi kufungwa siku nzima, kwa hiyo timu ikichelewa kupita muda uliowekwa, anayengojea anaamriwa aondoke na utepe mwingine usio wa chuo chake. Yule wa nyuma anakuja anakata kona, utepe wa chuo umelowa jasho begani, anainua macho, mwenzake hayupo. Hata watu wazima wanalia. Sikuweza kutazama mara ya pili.

Na hapa kuna jambo ambalo nisingependa niondoke sijalisema. Mmoja wa waanzilishi wa mbio hizo za Hakone ni Shizo Kanakuri, ambaye Wajapani wanamwita baba wa marathoni. Mwaka 1912 alikwenda Stockholm kwenye Olimpiki. Siku ya marathoni joto lilikuwa kali, likamzidi njiani. Akaingia nyumbani kwa watu waliokuwa kando ya njia, wakampa kinywaji, akapumzika, na hakurudi tena mbioni. Mwaka 1967 watu wa Stockholm walimwalika akamalize. Mzee wa miaka 75 akakimbia hatua zake za mwisho, akakata utepe, wakatangaza muda wake: miaka 54, miezi 8, siku 6 na saa kadhaa. Mtu anaweza kusema ni maonyesho tu. Mimi naona ni kituo ambacho hakikuvunjwa kwa miaka 54.

Wa kwetu mnamjua. John Stephen Akhwari wa Mbulu, Meksiko, Oktoba 1968. Alianguka, goti likaumia, akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshashinda zaidi ya saa moja kabla. Giza limeingia, uwanja umebaki na watu wachache, na Akhwari akaingia akichechemea, wa mwisho kati ya wote waliomaliza. Wale wachache wakasimama wakampigia makofi hadi akavuka mstari. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alisema nchi yake haikumtuma mbali vile kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Maneno yale tumeyafundisha shuleni hadi yamekuwa kama methali. Mimi siku hizi nawafikiria zaidi wale watu wachache waliobaki kwenye viti. Waliamua kutokwenda kula. Majina yao hatuyajui, lakini kama wasingekuwepo, ile siku ingekuwa nyingine kabisa kwake.

Ndugu zangu, msidhani nawaletea mambo ya ugenini. Nchi hii ina mbio za kupokezana zake, na kila mmoja wetu hapa amezipokea. Mwenge wa Uhuru uliwekwa juu ya Kilimanjaro usiku wa Desemba 9, 1961, na Mbio za Mwenge zinazunguka nchi nzima, wilaya kwa wilaya. Sasa kumbukeni wenyewe: Mwenge ukija, shangwe kubwa iko wapi? Iko mpakani. Wilaya inayoukabidhi imekuja na watu wake, inayoupokea imekuja na wa kwake, wanaimba pande mbili za barabara kama harusi, hadi dakika ile unapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Halafu usiku kuna mkesha. Mama lishe wamepanga majiko, watoto wanalala kwenye mikeka, ngoma haikatiki mpaka kunakucha. Hakuna aliyetufundisha hayo kwenye semina.

Na mji huu ulipokea watu wa safari ndefu kabla babu zetu hawajazaliwa. Misafara kutoka Ujiji kupitia Tabora ilitembea zaidi ya kilomita elfu moja kuja pwani, wapagazi wamebeba frasila mbili hivi kila mmoja, yaani kilo 30 na ushei, mbele yao yuko kirangozi. Njia yao haikuwa hasa hii ya lami, lakini mwisho wake ulikuwa hapa. Msafara ukikaribia haukuingia hivihivi na vumbi lake. Walisimama, wakajisafisha, wakavaa nguo walizozitunza kwa siku hiyo, kirangozi akajipamba, ngoma na baragumu zikalia, na mji ukatoka nje kuwalaki. Na tuseme ukweli wote: wapo walioingia Bagamoyo na minyororo shingoni, na kwao hapakuwa na la kushangilia. Tukimaliza mbio zetu pale Caravan Serai, lile jengo la zamani la misafara, naomba tuwakumbuke wote wawili, aliyeingia na ngoma na aliyeingia na mnyororo. Dakika moja ya kimya kabla ya muziki haitatupunguzia kitu.

Kuhusu Marekani nitasema kidogo. Kule Oregon wana mbio zilizoanza mwaka 1982 kwa timu nane tu, wanateremka kutoka Mount Hood hadi baharini, kilomita 320 hivi, mchana na usiku. Watu 12 kwa timu, vipande 36, magari mawili. Siku hizi timu zinapita elfu moja. Magari wanayapaka rangi na kuyapamba, timu zinajipa majina ya vituko, usiku kila mkimbiaji ana taa kichwani na kizibao cha kung'aa. Nimechukua mawili tu kutoka kwao. Moja, timu za karibu hutakiwa kuleta watu wa kujitolea wa kusimama vituoni, kwa hiyo kuhudumia ni sehemu ya kushiriki. Pili, mtu wa mwisho akifika ufukweni timu nzima inamngojea, na wanavuka mstari pamoja. Haya mawili tuyaibe, hayana hakimiliki.

Sasa njoo kwetu. Nimekaa na karatasi nikapiga hesabu, kwa sababu shangwe nayo inahitaji saa.

Watu wanane, kila mmoja kilomita nane. Timu inayokwenda dakika sita kwa kilomita itatumia saa 6 na dakika 24. Timu ya kina mama wetu na wazee, tuseme dakika nane kwa kilomita, itatumia saa 8 na dakika 32. Kamati imeandika kuanza saa 12 asubuhi. Maana yake mama wa mwisho ataingia Bagamoyo saa 8 na nusu mchana, na jua lake mnalijua. Tuanze saa 10 alfajiri. Wa kwanza ataingia saa 4 na dakika 24, wa mwisho saa 6 na dakika 32. Na tukianza saa 10, basi Msata itakuwa na mkesha. Ndugu zangu wa Msata, hilo ni lenu, ninyi mmezoea magari ya usiku na mmezoea kupika usiku. Uji, vitumbua, ngoma. Mtu aanze kukimbia akiwa ametoka kwenye mkesha, asianze ametoka kwenye usingizi na baridi.

Ila giza na malori si mchezo. Kila mkimbiaji wa alfajiri avae kizibao cha kuakisi mwanga, na pikipiki imfuate nyuma na taa. Trafiki wajulishwe mapema. Hapa sina nyongeza. Asiye na kizibao haanzi.

Hesabu ya pili inahusu wale wa vituo. Pale nusu ya njia, kilomita 32, timu ya kwanza na ya mwisho zitapishana kwa saa moja na dakika nne. Kituo cha mwisho, upande wa Makurunge, kilomita 56, zitapishana kwa saa moja na dakika 52. Karibu saa mbili nzima! Ngoma ikipigwa kwa nguvu zote kwa timu tatu za kwanza, wa nane atakuta wapigaji wamelala chini ya mwembe. Kwa hiyo kila kituo kiwe na zamu mbili za wapigaji, na zamu ya pili ndiyo iwe na mafundi. Ndiyo, mafundi wawe wa mwisho. Anayeongoza ana mbawa zake tayari, anayeburuza miguu ndiye anayehitaji mdundiko. Na mdundiko ni wetu Wazaramo, ni ngoma ya kutembea. Imezaliwa kwa kazi hii. Haina haja ya jukwaa, inamfuata mtu barabarani. Akitokea wa mwisho pale mbali, ngoma itoke kituoni ikamlaki mita mia mbili, ije naye.

Hapo nafika kwenye jambo ambalo najua vijana mtanuna. Lile gari la muziki.

Najua mmeshalikodi. Spika sita, jenereta, singeli. Nawaomba lisiwafuate wakimbiaji. Mtu anayekimbia kilomita ya saba anahitaji kusikia vitu viwili, pumzi yake na jina lake. Spika zikiwa mgongoni hasikii hata kimoja. Sisi tuliosoma shule za nchi hii tumekimbia mchakamchaka kila asubuhi, miaka saba, bila spika hata moja. Kiranja anaita, darasa zima linaitikia, miguu inapiga chini kwa pamoja, na yule dhaifu wa nyuma anabebwa na kuitikia. Hujawahi kuona mtoto anashindwa kukimbia huku mdomo wake unaimba? Akiacha kuimba ndipo anapoachwa. Basi gari la muziki likae hapa mwisho, au lipewe kituo chake kimoja lisimame hapo. Barabarani iwe sauti za watu. Na kila mkimbiaji aandikwe jina lake kifuani kwa herufi kubwa, jina la kuitwa nyumbani, ili mama wa Fukayosi asiyemjua aweze kumwita, "Njoo, Mwajuma, njoo mwanangu, maji haya hapa!" Namba haimwingii mtu moyoni.

Chakula nitapita haraka, kwa sababu mnajua kuliko mimi. Kiwangwa ni nanasi, hakuna ubishi. Lakini likatwe vipande vidogo, liliwe na aliyemaliza. Anayeanza apewe maji, na ndizi mbivu kama anataka. Madafu yawe hapa mwisho. Na jamani, takataka. Maganda na chupa viwe kwenye viroba kabla hatujaondoka, tusiwaachie wenyeji wetu uchafu kama tuliofukuzwa.

Mgeni rasmi. Nasema kwa heshima zote: asiwekwe jukwaani akasubiri. Mpeni kikombe cha maji asimame kituo cha nne, awahudumie wananchi wake, aone nyuso zao. Na ratiba yake isiamue lini kituo kinavunjwa. Kama ana safari, aende kwa amani, tutamshukuru, sisi tutabaki.

Zawadi nazo. Sipingi fedha kwa timu ya kwanza, vijana wanajituma. Naomba iongezwe moja: zawadi ya kituo bora. Wakimbiaji wenyewe wapige kura, kwa sababu wao ndio wanajua wapi walipokelewa. Mtaona Kiwangwa na Makurunge watakavyoshindana. Watashona sare.

La mwisho ni hili. Kijiti ni kizuri uwanjani, lakini kwa kilomita nane ukiwa nacho mkononi huwezi kupokea kikombe vizuri wala kujifuta uso. Najua, kiganja changu kilitoka malengelenge. Wajapani wamepata jibu la kitambaa, na sisi kitambaa tunacho. Kila timu inunue doti moja ya kanga, ichague jina lake yenyewe, yale maneno yanayoisema timu. Doti ina vipande viwili. Kimoja fundi akikunje na kukishona, kiwe utepe wa begani unaopokezwa kutoka Msata hadi hapa, na maneno yabaki yanasomeka kifuani. Kipande cha pili kisikatwe. Kikae na kina mama wa timu pale Caravan Serai. Timu ikiingia, wote wanane kwa pamoja, kile kipande kitandikwe chini wapite juu yake, kama tunavyomtandikia bibi harusi na kama tunavyomtandikia mgeni wetu wa heshima. Kila timu na kanga yake, ya kwanza na ya mwisho sawasawa. Na hakuna kukunja turubai mpaka kanga ya mwisho ikanyagwe.

Daftari la vituo liko pale mezani kwa katibu. Msata imejaa. Kiwangwa imejaa na wengine wamekataliwa. Fukayosi imepata maji na mapishi, haijapata ngoma. Kituo cha mwisho cha Makurunge, kile cha kungojea karibu saa mbili nzima, kina jina moja tu, nalo ni langu. Nitakuwa na ndoo mbili, kikapu cha machungwa, kisu na sauti yangu. Nahitaji watu kumi na mmoja wenye subira, na ngoma moja ya mdundiko.

Doti ya klabu ya hapa Dunda nimeshainunua. Kipande kimoja kiko kwa fundi tangu jana, alisema Alhamisi kitakuwa tayari. Hicho kijiti changu kikimaliza kuzunguka, naomba kirudi.